Kofia ya Sir Mortimer

Msiitafute nchi hii kwenye ramani, mtajisumbua bure. Iliitwa Koloni ya Visiwa vya Juu na vya Chini, jina lililotungwa na nahodha aliyeviona visiwa hivyo akiwa amelala chali na homa, na kwa kuwa jina lilikwisha kuchapishwa kwenye stempu, ikaonekana ni nafuu kuwaachia wenyeji wajue wenyewe cha juu ni kipi. Wenyeji walikuwa Wamakeu. Walikuwapo pale tangu zamani, kosa ambalo serikali ilikuwa imewasamehe.

Gavana alikuwa Sir Mortimer Plank, bwana mrefu mwenye masharubu mazuri na nia njema kwa kila mtu. Alikipenda kila alichokiona, na kila alichokipenda alikichukua, kwa hiyo hapakuwa na pembe ya nchi ambayo haikuonja upendo wake.

Alichokipenda kuliko vyote ni kilima cha Pukeri. Ni kilima cha kiasi tu, chenye majani mafupi na upepo wa kutosha, na Wamakeu walizoea kuzika wafu wao pale. Sir Mortimer alipofika mara ya kwanza alisimama juu yake, akavuta pumzi, akasema hajapata kuona mahali panapofaa zaidi kwa bendera na kwa ule mchezo wa kwao wa kugonga mpira kwa nyundo ya mti ili upite chini ya vijipinde vya waya. Hakukinyang'anya kilima. Hakuwa mtu wa kunyang'anya. Alikiazima. Aliwakusanya wazee akawaambia, tena kwa lugha yao, kwamba anakiomba mpaka siku atakayo*haruwa*.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Kimakeu kina maneno mengi ya kwenda. Kuna kwenda sokoni, kuna kwenda kwa shemeji, kuna hata kwenda ukakasirika njiani ukarudi. Sisi tunaaga, na siku ikifika tunaaga dunia, tumeongeza neno moja tu na mambo yakaeleweka. Wao kwenda moja kwa moja bila kurudi wanakuita *haruwa*, na aliyeharuwa ni maiti. Sir Mortimer alilitoa neno hilo katika kamusi ya Kimakeu, ambayo aliiandika mwenyewe katika wiki zake mbili za kwanza, na ndani yake limefasiriwa "kuondoka". Wazee walimtazama kwa huruma. Mgeni mzima wa afya, siku ya kwanza tu anazungumzia kifo chake! Wakamwazima.

Kesho yake uzio ulizunguka kilima, uzio ukapata lango, na lango likapata kufuli. Kwa maiti, Wamakeu walionyeshwa kinamasi kilicho nyuma ya zizi la ng'ombe wa serikali. Waliambiwa kwamba udongo wake ni laini na hauchoshi kuchimba.

* * *

Chifu wa Wamakeu alikuwa Tamihoro, mtu wa makamo, mpole, aliyepewa uchifu kwa sababu koti rasmi lilimkaa vizuri kuliko wenzake wawili waliolijaribu. Hata hivyo mikono ya koti ilimfunika vidole, na alipompigia Gavana saluti ilionekana kama koti ndilo linalosalimu.

Mama yake, Bi Ngarewa, alikuwa amekata shauri kutokufa. Si kwamba aliyapenda sana maisha. Magoti yalimuuma, meno yalikuwa yamekwisha, na wote aliocheza nao utotoni walikwisha kumtangulia. Lakini mume wake alikuwa kilimani, na wanawe wawili wa kwanza, waliokufa wachanga, walikuwa kilimani, na yeye hakuwa tayari kwenda kinamasini.

"Mimi sizikwi na vyura," alisema, na hapo mazungumzo yakawa yamefungwa.

Daktari wa serikali alimpima mara kadhaa, akashangaa, akaeleza kwenye gazeti kwamba chini ya utawala wa Sir Mortimer wenyeji wameanza kuishi kupita kiasi.

Tamihoro aliyajua yaliyokuwa nyuma ya ubishi huo. Kila alasiri alimkuta mama kibarazani, kiti amekielekeza Pukeri, akiwatazama mabwana na mabibi wakicheza. Kila nyundo ilipogonga mpira, mama alifumba macho. Jambo hilo lilimuuma Tamihoro mpaka chakula kikamshinda. Asubuhi alivaa koti lake akaenda kazini, kwa maana uchifu ni kazi kama kazi nyingine.

* * *

Sharti niieleze sheria moja, nayo si ndefu. Gavana aliyemtangulia Sir Mortimer alikufa maji akivua samaki, na mwili haukupatikana. Iliyopatikana ni kofia yake rasmi, ile yenye manyoya meupe, nayo ikazikwa ufukweni kwa bendi na machozi. Mwaka uliofuata mbuzi mmoja alionekana akila majani juu ya kaburi la kofia. Sir Mortimer alighadhibika, akaketi usiku ule ule akatunga Sheria ya Heshima ya Marehemu Magavana.

Sheria ilisema hivi: popote atakapozikwa Gavana, au kiungo chake, au kofia yake rasmi, mahali hapo pote, pamoja na miteremko yake, patakuwa makaburi milele. Hapatafungwa, hapatajengwa, wala hapatachezwa mchezo wa aina yoyote. Patatunzwa na hao waliomzika, wao na vizazi vyao. Na kila mwaka siku hiyo ikifika itapigwa mizinga.

Kisha mbuzi akashtakiwa, akafungwa miezi mitatu. Alikuwa mbuzi wa Bi Ngarewa. Ndiyo maana bibi huyo alikaa mahakamani mstari wa mbele, akaisikia sheria ikisomwa na kufasiriwa tangu bismillahi hadi tamati.

* * *

Siku moja Tamihoro aliitwa ofisini kwa Gavana. Alimkuta Sir Mortimer anakula biskuti, na pembeni yake amesimama Katibu Mkuu, Bwana Fips, mtu mwembamba ambaye hakupata kucheka tangu alipoajiriwa.

"Chifu," alisema Gavana kwa Kimakeu, "mimi nimeharuwa."

Tamihoro akamtazama. Alikuwa na rangi nzuri usoni.

"Pole sana, Mtukufu," akasema.

"Usihuzunike. Sote tutaharuwa. Hata Bwana Fips ataharuwa."

Bwana Fips hakujua maana ya neno hilo, lakini hakupenda lilivyosikika.

"Meli inakuja wiki ijayo," Gavana aliendelea. "Kabla sijapanda, nataka nije kwenu mniage kimila. Sitaki mambo ya kwetu ya chai na hotuba, ingawa hotuba nitatoa. Niambie, mtu wenu mkubwa akiharuwa mnamfanyia nini?"

"Tunalia, Mtukufu."

"Safi sana."

"Tunamweka juu ya mkeka. Tunauliza nani anamdai. Halafu tunambeba kichwani, yaani tunamsindikiza, mpaka kule anakokwenda."

"Basi nifanyieni yote! Msipunguze hata nukta."

Tamihoro akakusanya ujasiri wote uliokuwamo ndani ya koti, nao haukuwa mwingi, akauliza kwa lugha ya kina Bwana Fips, isipokuwa neno lile moja. "Na kilima, Mtukufu? Ulituambia mpaka utakapoharuwa."

Gavana akamwachia Bwana Fips swali hilo, maana mdomo wake ulikuwa umejaa.

"Anayeondoka ni Gavana," alisema Bwana Fips. "Serikali haiondoki. Kilima kiliombwa na Serikali kwa kinywa cha Gavana. Sasa kinywa kinakwenda zake, lakini kilichokwisha kumezwa kinabaki. Sir Klarens, Gavana mpya, amekwisha kuagiza nyundo mpya."

Tamihoro akapiga saluti, au tuseme koti likapiga, akarudi nyumbani.

* * *

"Kasema mwenyewe kwamba ameharuwa?" aliuliza Bi Ngarewa. "Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, mama. Na biskuti imo."

Tamihoro alidhani mama atacheka. Mama hakucheka. Aliinuka kwenye kiti bila kushikwa mkono, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi.

"Basi ni maiti. Tutamzika."

"Mama! Mtu yu hai tumzikeje?"

"Yeye si ndiye Gavana? Akisema mvua inanyesha, wewe na koti lako si mnafungua mwavuli? Leo kasema amekufa unambishia nini? Kofia yake ile ya manyoya ataivaa siku hiyo?"

"Ataivaa. Lakini mama..."

"Aivae."

Akamweleza. Tamihoro akasikiliza mpaka jasho likamtoka. Ilikuwa sheria ya Gavana mwenyewe, neno kwa neno, na katikati yake pana tundu la kutosha kupitisha kilima.

"Wakinikamata je?"

"Watakufunga pale walipomfunga mbuzi wangu. Alirudi amenenepa." Kisha sauti ikamlegea. "Tami, mwanangu, mimi nimechoka. Umekuwa ukidhani nafanya ukaidi. Nimechoka kweli, nataka kwenda kwa baba yako. Nifungulie mlango."

Tamihoro alimshika mama mkono, wakakaa hivyo mpaka taa za kilimani zikawashwa.

* * *

Sir Mortimer alikuja na bendi, na mwandishi wa gazeti, na mkewe Ledi Plank, na kofia yake rasmi. Ledi Plank alikuwa mama wa makamo mnyamavu, ambaye kila siku ya mchezo alipewa kazi ya kuhesabu vijipinde. Kimakeu alijifunza kwa wafuaji wa nguo, na kwa kuwa hakuandika kamusi, hakuna aliyejua kwamba anakijua.

Hotuba ilitangulia, kwa sababu Tamihoro alieleza kwamba mtu akishawekwa kwenye mkeka hasemi tena.

"Wamakeu wapendwa!" Gavana alinguruma. "Nilipofika hapa niliwakuta mna nchi na hamjui la kuifanyia. Leo hamna tena shida hiyo! Niliwakuta mkipanda kilima ovyo, kila mtu kwa saa yake. Leo kilima kina lango, lango lina kufuli, kufuli lina ufunguo, ufunguo una mtunzaji, na mtunzaji ana mshahara. Huo ndio ustaarabu! Mioyo yenu naondoka nayo. Vitu vingine nimekwisha kuvifunga kwenye masanduku."

Akapigiwa makofi na bendi. Kisha akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu kama alivyoelekezwa, akafumba macho, na Bi Ngarewa akaanza kulia.

Alianza kwa sauti ya chini, akimtaja mumewe jina. Wanawake wakaitikia. Tamihoro alikuwa amewaomba walie kidogo, kwa ajili ya adabu tu, lakini hapo palikuwa na watu walioshusha mama zao na watoto wao kwenye matope nyuma ya zizi, haraka haraka, bila wimbo, ng'ombe wakiwatazama. Kilio chao hakikuwa kimepata siku yake. Sasa siku imepatikana, na mkeka upo. Walilia mpaka wapiga tarumbeta wakashusha tarumbeta. Tamihoro naye alilia, akifutia machozi mikono ya koti, ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa na urefu unaofaa.

Gazeti liliandika kwamba hakuna Gavana aliyepata kupendwa namna ile. Sir Mortimer mwenyewe alifumbua jicho moja, likamlenga chozi, akalifumba.

Tamihoro akasimama mbele ya mkeka. "Huyu ndugu yetu ameharuwa," alisema kwa sauti. "Asiende na cha mtu. Nani anamdai?"

Akatoka Mzee Horopeta, akasema anadai jina lake, ambalo lilipomshinda karani wa Gavana, alimwandika "Jumatano". Akatoka bibi mmoja, akadai njia ya kisimani iliyopitiwa na uwanja wa farasi. Bwana Fips, asiyejua lugha, aliuliza wanasema nini. Tamihoro akamwambia wanamkumbuka Gavana kwa mambo mbalimbali. Na huo haukuwa uongo.

Mwisho akaja Bi Ngarewa na fimbo yake.

"Mimi namdai kilima," alisema. "Aliazima mpaka atakapoharuwa. Ameharuwa. Maiti haijibu, basi namuuliza mjane." Akamgeukia Ledi Plank. "Bibi, pole kwa msiba. Unasemaje?"

Tamihoro aliona dunia imesimama. Ledi Plank alimtazama bibi yule, akamtazama mumewe aliyefumba macho kwa raha, akatazama juu kilimani, kwenye vijipinde vyote alivyopata kuvihesabu.

"Arudishe," alisema kwa Kimakeu kilichonyooka, chenye lafudhi ya kufulia. "Asiende nacho."

Watu wakaguna kwa pamoja. Gavana, ambaye Kimakeu chake kilikuwa cha kusema kuliko cha kusikia, akanong'ona bila kufumbua macho: "Umewaambia nini, mpenzi?"

"Nimewajibu kwa niaba yako."

"Vizuri sana."

* * *

Ikabaki kofia. Tamihoro aliivua kichwani mwa Gavana kwa mikono miwili, na hapo Bwana Fips akajitokeza na ratiba mkononi.

"Ratiba inasema kofia inakwenda jumba la makumbusho."

Nyuma ya Bwana Fips Tamihoro alimwona mama yake amesimama, amejishikilia kwenye fimbo, hamkonyezi wala hamwombi, anamtazama tu.

"Mtukufu," alisema, "kwetu, kofia ya mkubwa namna yako haiwekwi ndani ya kabati. Inakwenda kilimani, chini ya jiwe, juu kabisa, watu wote waione mahali ilipo."

Gavana akafumbua macho yote mawili. "Juu kabisa?"

"Juu kabisa. Jiwe tumekwisha kulichonga."

"Mtukufu," Bwana Fips alimwinamia akamnong'oneza, "mimi naona kama haya ni mazishi."

"Fips," alisema Sir Mortimer kwa upole, "wivu haukupendezi. Fungua lango."

Lango likafunguliwa. Wamakeu wakapanda Pukeri nyuma ya kofia, wazee na watoto, bendi ikiwafuata, na walipofika juu wengine walivua viatu na wengine walishika majani kwa mikono. Kofia ikafukiwa mahali penye kijipinde cha kati. Juu yake likasimama jiwe lenye maneno ya Kimakeu: *Hapa ameharuwa Sir Mortimer Plank, naye amerudisha.* Gavana alilisoma kwa sauti, akalisifia sarufi yake, akapiga picha amelikumbatia.

Alipotaka kuagana nao, hakuna aliyempa mkono. Alimwendea Mzee Horopeta, na Mzee Horopeta akatazama mawingu. Alimwita Tamihoro, na Tamihoro akawa anasikiliza upepo. Wamakeu hawamsemeshi aliyeharuwa, asije akapata tamaa ya kurudi.

"Masikini," Gavana alimwambia mkewe wakishuka. "Huzuni imewazidi. Hawawezi hata kunitazama."

"Ndiyo," alisema Ledi Plank. Yeye alipofika langoni aligeuka, akampungia Bi Ngarewa mkono, na Bi Ngarewa, akijua kwamba mjane husemeshwa, akampungia.

* * *

Sir Klarens aliwasili na nyundo zake mpya. Siku ya kwanza ya mchezo alikuta lango limeng'olewa, na mbele yake amesimama Tamihoro ndani ya koti, anasoma sheria kwa moyo. Bwana Fips alisema kofia haikuzikwa, ilihifadhiwa tu. Lakini gazeti la serikali lilikuwa limekwisha kuandika "ilizikwa kwa heshima zote", na Mfalme mwenyewe alikuwa ametuma salamu za shukrani kwa Wamakeu. Ili kilima kirudi, ilibidi Serikali itangaze kwamba Gavana wake alizikwa na wenyeji mchana kweupe, akitabasamu, akiwasaidia. Serikali ilikaa, ikafikiri, ikaona ni heri abaki marehemu. Nyundo zikapelekwa jikoni kupondea nyama.

Bi Ngarewa alipanda kilima kwa miguu yake, akipumzika kila penye kivuli. Aliwaonyesha watu makaburi ya mumewe na ya wanawe, ambayo alama zake zote zilikwisha kufyekwa. Aliyajua kwa upepo tu, alisema. Kisha akachagua mahali pake.

"Hapa," alisema. "Pasogezeni mbali kidogo na ile kofia. Asije akanihutubia."

Mwaka haukumalizika. Alikufa asubuhi, kitini, bila kusumbua mtu, na kiti kilikuwa kimeelekea pale pale. Ikatukia kwamba maziko yake ni siku ile ile ya kumbukumbu ya kofia, na sijui kama aliipanga, ila sitashangaa. Sir Klarens alikuja na shada la maua kwa mujibu wa sheria, akakuta kilima kimejaa watu, akafurahi kuona mtangulizi wake bado analiliwa.

Tamihoro alisimama mbele ya mkeka wa mama yake. Koti alilivua. "Huyu mama yetu ameharuwa," alisema. "Nani anamdai?"

Wakasubiri. Hakuna aliyetoka. Wakamshusha taratibu, kwenye udongo mkavu, ubavuni pa mumewe, na alipogusa chini tu, kule bandarini mizinga ikalia mmoja baada ya mwingine, visiwa vyote vikatikisika. Askari wakakakamaa, Sir Klarens akavua kofia akaibana kwapani. Tamihoro naye akapiga saluti, kwa mkono wake mwenyewe uliokuwa wazi mpaka kwenye kidole cha mwisho, na machozi yakimtiririka bila aibu.

Serikali ilidhani inaipigia kofia.